Taa za Rangi Hazichezi Gemu: Mastaa Mnawaingiza Madogo Mjini

Leo habari za nani kaachana na nani naziweka pembeni, maana kuna jambo linanikera tangu wiki iliyopita na video zake bado zinazunguka kwenye simu zenu.

Kuna staa wetu mmoja, jina nakaa nalo, mnamjua. Kaposti video amekaa kwenye kiti cha gemu, nyuma yake kuna boksi la kioo lenye feni 6 zinawaka zambarau na kijani. Maelezo chini yake: kompyuta ya gemu ya kibabe, i7, kadi GB 4, RAM GB 16, milioni 1 na laki 6 tu, namba ipo kwenye bio. Chawa wake wakajaa kwenye komenti na vimoto kama kawaida yao.

Ile video nimeitazama mara 4. Gemu haichezwi hata sekunde moja! Kwenye kioo ipo menyu ya GTA V mwanzo mpaka mwisho, staa kashika mausi anacheka na kamera. Na si yeye tu. Kabla yake kuna dada mmoja wa vipodozi aliyetangaza mzigo huohuo, na kabla ya dada kulikuwa na mchekeshaji. Maneno yaleyale, hata mkato haujahamishwa. Yaani wanatumiwa tangazo WhatsApp, wanalisoma, wanapokea maokoto, wanarudi studio.

Haya, tuyasome hayo maneno pamoja.

"i7." Intel walianza kuuza Core i7 mwaka 2008. Kwa hiyo mtu akikwambia mashine ni i7 akaishia hapo, ni kama dalali akwambie chumba kipo Dar. Dar ipi, Masaki au Chanika? Kinachotakiwa ni namba inayofuata. Kwenye mashine nyingi za bei hiyo nilizofungua mimi nilikuta i7-2600. Hiyo 2 ya mwanzo ndo kizazi chake, na ilitoka Januari 2011. Ina kori 4 na nyuzi 8. Sasa Januari 2022 Intel haohao wakatoa i3-12100F, nayo kori 4 na nyuzi 8, ila imeundwa miaka 11 baadaye na kwenye gemu inaiacha i7-2600 mbali sana. Dogo akisikia i3 anakunja uso, akisikia i7 anatoa hela. Hapo ndo wanapokula.

Na kuna hili ambalo staa halijui kabisa. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa utaratibu wao rasmi inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 na kitu kinaitwa TPM 2.0. Mashine ya 2011 haimo. Fundi anaweza kuilazimisha, sawa, wapo wanaojua, lakini ukitaka kucheza Valorant kwenye Windows 11 ile gemu yenyewe inakagua TPM 2.0 na inakutoa nje. Kibabe gani hicho?

"Kadi GB 4." Hapa ndo pana wizi wenyewe. Zile GB ni tanki la mafuta. Ukifunga tanki la lori kwenye bajaji unabaki na bajaji. GT 730 ya mwaka 2014 ipo ya GB 4, na GTX 1050 Ti ya 2016 nayo ni GB 4. Kwenye tangazo zinafanana kabisa! Ukizifungua, GT 730 iliyo bora kuliko zote ina vikori 384 na ya 1050 Ti ni 768. Kumbukumbu ya 1050 Ti inasafirisha GB 112 kwa sekunde, wakati GT 730 za DDR3 hazifiki hata GB 30. GT 730 ilitengenezwa ili ofisini uone Excel kwenye vioo viwili, si ili ufukuzane na polisi wa Los Santos.

Halafu kuna za kughushi kabisa. Mtu anachukua kadi ya kizamani kama GTS 450, anaibadilisha programu ya ndani, ukiichomeka inajiita GTX 1050 Ti. Windows inaamini. Dawa yake ni programu ya bure inaitwa GPU-Z, ndogo tu haimalizi bando, inazitambua nyingi ya hizi kadi na inaandika neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa uifungue mbele yake, ondoka hata kama ulishapanda bodaboda mbili kufika pale.

Kuna hata wasioghushi, wanacheza na jina. RX 580 ya AMD ya mwaka 2017 ni kadi nzuri ya mtumba mpaka leo. Lakini mwaka 2018 AMD walitoa nyingine kwa soko la China, RX 580 2048SP, ambayo ukiichunguza ni RX 570 iliyopewa jina la kaka yake. Zimejaa mtandaoni kwa jina fupi la "RX 580". Si kadi mbovu, ila ilipiwe bei ya 570.

Tangazo lilichoacha kutaja ndo kinaniogopesha zaidi: pawa saplai. Nyingi ya hizi ni kompyuta za ofisini za mtumba, wanazitoa matumbo na kuyahamishia kwenye boksi la kioo, au wanaziacha kwenye boksi lake na kubandika mistari ya taa. Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba imekuja na pawa saplai ya wati 240. RX 580 peke yake imepangiwa wati 185. Piga hesabu mwenyewe, hapo prosesa bado haijala.

Wale wanaoweka pawa saplai mpya nao wanaweka ile nyepesi kama boksi la viberiti, imeandikwa wati 600 kwa herufi za dhahabu. Usisome herufi za dhahabu. Geuza, tafuta jedwali dogo, angalia mstari wa volti 12 unatoa ampea ngapi, uzidishe. Ni ile ile ya fizikia ya sekondari, nguvu ni volti mara ampea, wote tuliimba. Ukikuta ampea 18 unapata wati 216, na prosesa pamoja na kadi karibu chakula chao chote kinatoka kwenye huo mstari. Hizo 600 zimetoka kiwanda cha stika.

Kuna dogo mtaani kwetu Tabata alinunua moja ya hizi mashine. Alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku, akaweka akiba, iliyopungua mama yake akaikopa kikoba. Hakutaka anasa. Alitaka banda la gemu. Mabanda ya PlayStation yamejaa, yeye akawaza aweke kompyuta, madogo walipie kwa saa wacheze eFootball na GTA, mchana wenye kazi za shule waprinti. Wazo zuri tu. Mashine ikaja na taa zake. Siku ya kwanza GTA V inakatakata kama sidii yenye mikwaruzo, wateja wakadai hela yao. Akaniita nikafungua: GT 730. Alipompigia muuzaji akajibiwa "gemu zako ni nzito". Alipomwandikia staa kwenye komenti, kwa heshima kabisa, akablokiwa. Mama yake kila Jumamosi anapeleka rejesho la kikoba kwa mashine inayofanya kazi ya kuprinti barua.

Najua chawa watakuja hapo chini na wimbo wao: "unawaharibia watu riziki." Sikilizeni. Mtumba sina shida nao, nusu ya nguo zangu zimetoka Karume. Lakini muuza mashati wa Karume hakwambii shati limetoka kiwandani jana. Analitikisa juu, unaona kola, unaona kifungo kilichokosekana, mnapatana. Nyie mnauza shati ndani ya boksi la zawadi lenye taa, na hamtaki lifunguliwe. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki mnakitembeza na mabaunsa.

Kundi la pili nalo nisiliache, wale vijana wa kwao kuzuri wanaokaa laivu TikTok wakicheka kila mwenye bajeti ndogo. Eti bila milioni 5 usijiite mchezaji. Nyie ndo mnawasukuma madogo kwa hao matapeli, maana dogo akiuliza swali la laki 8 mnamcheka, anaenda kwa anayemjibu vizuri.

Laki 8 au milioni inafanya kitu, ukitulia. Tafuta kompyuta ya ofisini ile pana, si ile nyembamba, kizazi cha 4 kwenda juu na ukiweza cha 8. Weka kadi kama GTX 1650 ya aina isiyohitaji waya wa ziada; inakula wati 75 inazopata kwenye madabodi yenyewe, pawa saplai ya ofisi inaibeba. RAM weka vijiti viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha 16, maana viwili vinafanya kazi sambamba na gemu inasikia tofauti. Weka SSD. Haina taa, imekaa kama kabati la mwalimu mkuu, ila GTA V na eFootball zinateleza.

Ukiwa na hela zaidi na unataka kujenga upya, hela nyingi iende kwenye kadi. Ryzen 5 5600 ya AMD, kori 6 nyuzi 12, inatosha kwa mtu wa kawaida, na inakaa kwenye soketi ya AM4 iliyoanza 2016, kwa hiyo madabodi za mtumba ni nyingi. Uliza tu kama BIOS yake imeshasasishwa kuitambua, la sivyo itawaka feni na kioo cheusi. Kadi RX 6600, GB 8, wati 132. Kama kadi bado haijafikiwa chukua 5600G, ina grafiksi yake ndani, unacheza gemu nyepesi huku unajichanga. Ila RAM usiiache ya mwisho kwa kudhani ni ya bei chee. Tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepaa dunia nzima, makampuni ya akili mnemba yanazoa chipu.

Na kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni msiziogope kupitiliza. Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, zikamwagika sokoni. Nyingi zinahitaji feni na dawa ya joto mpya tu. Cheza nayo gemu nusu saa palepale dukani. Ikizima au ikitoa madoa kioo kizima, mrudishie mwenyewe. (Na waya wa kioo chomeka kwenye kadi, si kwenye madabodi. Nimeshaitwa mpaka Mbagala kwa tatizo hilo.)

Kwa hiyo staa, kabla hujapokea maokoto mengine, omba majina 6 kamili: prosesa, kadi, madabodi, RAM, SSD na pawa saplai. Yaandike kwenye posti. Halafu kwenye video cheza gemu dakika 2, weka kile kihesabio cha fremu pembeni, tuone. Muuzaji akikunyima majina ujue na wewe umechukuliwa kama taa tu kwenye boksi lake.

Na yule dogo wa Tabata umfungulie bloku. Hajatukana, aliuliza.

Wadau, mwenye tangazo ameliona na hana uhakika aweke maelezo yake kwenye komenti hapo chini, bila namba ya simu ya mtu. Nitajibu usiku, bando la usiku ndo la bei nafuu.