UBAVU ULIOVUNJIKA NA HOMA YA MAPAFU

Binadamu ana mbavu 24, yaani 12 kila upande, nazo ni kama boma la kulinda moyo na mapafu. Mtu akianguka kutoka mtini, au akipigwa teke na ng'ombe, huenda akavunjika ubavu mmoja au zaidi. Wengi hujifunga kitambaa kifuani kwa nguvu, kisha wakarudi kazini. Zamani desturi hiyo ilifuatwa hata hospitalini, lakini madaktari wameiacha, kwa kuwa kifua kilichobanwa hakiwezi kupanuka.

Mara nyingi hatari kubwa haimo katika mfupa wenyewe, maana ubavu huunga kwa muda wa majuma 6 hivi. Hatari imo katika maumivu. Mgonjwa huogopa kuvuta pumzi ndefu, huogopa na kukohoa. Makohozi hukaa mapafuni, vijidudu huzaliana humo, na homa ya mapafu humshika. Wazee ndio wadhurikao zaidi. Mwaka 2000 madaktari wa Seattle, Marekani, walitoa hesabu ya wagonjwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi: kila ubavu uliozidi kuvunjika uliongeza hatari ya homa ya mapafu kwa asilimia 27, na hatari ya kufa kwa asilimia 19.

Mbavu 3 au zaidi zinazofuatana zikivunjika kila mmoja mahali pawili, kipande cha kifua hulegea. Mgonjwa avutapo pumzi, kipande hicho huingia ndani badala ya kutoka nje. Hapo daktari mpasuaji aweza kuziunga kwa vibamba vya titani na skrubu. Kazi hiyo hufaa zaidi ikifanywa katika siku 3 za kwanza, kabla ya homa kuingia. Homa ikiisha kuingia, shauri huwa gumu. Vijidudu vikishikamana na vibamba, ni shida kuviondoa, na pengine hapana budi vibamba vyenyewe vitolewe. Kwa hiyo aghalabu homa hutibiwa kwanza. Lakini mgonjwa asiyeweza kuachana na mashine ya kupumulia kwa sababu ya kifua kilicholegea, pengine hupasuliwa huku akiendelea kupewa dawa, kwani kungoja nako kwaweza kumwua.

Basi aliyeumia kifua na aende hospitali mapema, apewe dawa ya kutuliza maumivu, avute pumzi ndefu mara kwa mara, na akohoe akiwa amekumbatia mto. Akiona homa, makohozi ya damu au kukosa pumzi, asikawie hata siku moja.