Saa 11 alfajiri: wewe, ndoo ya maji na Mungu wako

Wiki hii mambo ya mitindo ya nywele na viwanja vya kujirusha nimeyaweka kando. Wasioelewa wanisamehe. Kuna barua imekaa mezani kwangu siku nne na kila nikiigeuza inanigeukia.

Aliyeandika ni dada wa miaka 23, anaishi Tabata, keshia kwenye duka moja la jumla huko mjini. Mkataba wake unaisha mwezi ujao. Msimamizi wake kamwambia bila kupepesa macho kwamba mkataba mpya upo, tena wenye nyongeza, ila kwanza "watoke" wawili Ijumaa moja. Mara ya kwanza dada alicheka akidhani ni utani wa kazini. Mara ya tano hakucheka. Nyumbani kwao kuna mama anayesubiri hela ya dawa kila mwezi, na mdogo wake anasoma kwa jasho la huyo huyo keshia.

Basi akaanza kuamka saa 11 alfajiri kusali. Chumba wanalala watatu, yeye na binamu zake wawili, kwa hiyo anapiga magoti pale palipobaki, kati ya kitanda na ndoo ya maji. Wiki ya tatu sasa. Anasema akimaliza kusali anajiona simba, daladala ikifika Buguruni amekuwa paka, na akimwona msimamizi amesimama mlangoni anakuwa panya. Anauliza: "Je, nasali vibaya?"

Hapana, mdogo wangu. Husali vibaya. Ila nadhani umeambiwa uongo kidogo juu ya kazi ya sala hiyo, na waliokwambia wako wengi hapa mjini. Wapo wanaoihubiri sala ya asubuhi kama chanjo: unadungwa alfajiri, mpaka jioni hakuna kinachokugusa. Wengine wanaifanya kama kubeti, weka dakika nyingi uvune gari. Kuna hata wanaouza maji na mafuta ya kuinywesha nguvu hiyo sala yako, kana kwamba Mungu ana matatizo ya kusikia. Hao tuwaache.

Hebu tumwangalie mwenyewe Yesu. Marko, sura ya kwanza, ana kisa kifupi ambacho watu hukisoma nusu. Ilikuwa Kapernaumu. Jioni ya jana yake mji mzima ulikusanyika mlangoni, wagonjwa wa kila aina, baada ya mama mkwe wa Simoni kuponywa homa. Kazi ilikuwa nzito hasa. Sasa mtu aliyechoka vile angelala mpaka saa 3, nani angemlaumu? Lakini aliamka kukiwa bado giza, akatoka, akaenda mahali pasipo na watu, akasali. Hapo ndipo wahubiri wengi wanapofunga kitabu na kutuambia tuamke mapema.

Endelea kusoma. Simoni na wenzake wakamtafuta, wakampata, wakamwambia watu wote wanamhitaji. Kwa maneno ya mjini: bosi, umati unakungoja, biashara imechanganya, rudi! Naye hakurudi. Alisema waende kwenye vijiji vingine, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijia. Unaona? Alitoka kwenye sala ile akiwa na "hapana" mdomoni, tena "hapana" kwa watu waliompenda. Alijua anakwenda wapi kabla hawajaja kumwambia aende wapi.

Hiyo ndiyo faida ya alfajiri. Ni saa ambayo bado hakuna aliyekuomba kitu. Msimamizi hajafika, konda hajakusukuma, mama hajapiga simu. Unaamua mambo yako mbele ya Mungu wakati hakuna anayekutazama usoni. Mtu anayesubiri kuamua mpaka afike kwenye kaunta, na yule bwana ameegemea hapo na manukato yake, huyo amechelewa.

(Halafu kuna hii simu. Wengi wetu tunalala nayo chini ya mto, jicho likifunguka tu mkono umeshaifuata. Kabla hujamwambia Mungu habari za asubuhi umeshajua nani kaachana na nani, nani kanunua gari na nani kakusema kwenye grupu. Umati wa Kapernaumu siku hizi unalala na wewe kitandani.)

Sasa tuje kwenye simba kugeuka panya. Mdogo wangu, soma Kutoka sura ya 16, habari ya mana jangwani. Chakula kilipatikana asubuhi, jua likiwa kali kikayeyuka. Walioficha cha kesho walikikuta kimeoza na kina funza. Kwa hiyo nguvu ya leo ni ya leo, na hata hiyo ya leo jua linaiyeyusha. Wazee wa kanisa walilijua hilo muda mrefu. Ndiyo maana kwa Wakatoliki kengele ya Malaika wa Bwana hulia mara tatu: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Hawakuiweka ya saa 6 kwa kupamba mnara. Walijua kwamba mchana mtu ameshavuja.

Hata kama wewe ni Mlutheri au Mpentekoste, wazo hilo ni la bure. Ukifika Buguruni, foleni imesimama, jirani amekukanyaga, rudia neno moja tu katika yale uliyosema alfajiri. Hakuna atakayejua. Ukiwa chooni kazini, rudia tena. Nusu dakika inatosha. Na usidharau ufupi. Martin Luther, katika ile Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliwaelekeza waumini wake waamke, wajifanyie ishara ya msalaba, wakiri Imani, waseme Baba Yetu, na wakipenda waongeze sala fupi, kisha waende kazini kwa furaha. Basi. Haichukui hata muda wa chai kuchemka. Wamonaki wa Peramiho na Ndanda wana Masifu ya Asubuhi yenye zaburi na wimbo wa Zakaria, lakini wale ndiyo maisha yao, hawagombei daladala. Wewe mwenye kusinzia magotini, kaa kwenye ndoo iliyofunikwa, fumbua macho, sema kwa sauti ya chini. Ukisinzia, umesinzia. Wanafunzi walisinzia Gethsemane na hawakufukuzwa.

Na siku ambayo huna hata neno zuri la kumwambia Mungu? Hapo nakupa Zaburi ya 88. Ni zaburi ya ajabu. Zaburi nyingi za kilio mwisho wake hugeuka shukrani, hii haigeuki. Inaanza kwa kulia na inaishia gizani, marafiki wamekimbia. Lakini katikati ya malalamiko yote hayo yule mtunzi anasema kwamba asubuhi maombi yake yatamfikia Mungu. Hakujibiwa jana, haoni dalili ya kujibiwa leo, na bado kesho asubuhi atakuwepo. Hiyo nayo ni sala, tena Biblia imeona inafaa kuiweka pamoja na za shangwe. Kwa hiyo alfajiri ukimwambia Mungu "nimechoka, naogopa, mama atakosa dawa," usidhani hukusali. Pengine ndiyo siku uliyosali kweli.

Tukishakubaliana hapo, turudi kwa huyo msimamizi, maana sitaki uniambie nimekupa zaburi ukakutwa stoo.

Kisa chako kimo kwenye Mwanzo sura ya 39, ila jinsia zimegeuzwa. Yusufu alisumbuliwa na mke wa bosi wake siku baada ya siku, na siku baada ya siku alikataa. Mpaka siku moja akaingia ndani kufanya kazi zake, watu wengine hawamo. Akashikwa nguo, akaiacha, akakimbia. Mimi hapo najifunza mambo mawili ambayo sijawahi kuyasikia yakihubiriwa vya kutosha. La kwanza, hatari ilikuja siku nyumba ilipokuwa tupu. Usibaki peke yako na huyo bwana kufunga hesabu. Kuna mwenzako wa kaunta ya pili, mwombe akungoje, kisha nawe umngoje yeye siku nyingine. La pili, katika kisa kile mwenye ushahidi mkononi alikuwa mwongo, na mkweli hakuwa na kitu. Kwa hiyo wewe tunza kila meseji aliyokutumia. Usifute kwa hasira wala kwa aibu. Yale anayosema kwa mdomo, andika kwenye daftari: tarehe, saa, nani alikuwepo.

Kisha ujue kwamba anachofanya hakiitwi kutongoza. Kinaitwa rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, namba 11 ya mwaka 2007, imekitaja wazi katika kifungu cha 25: mwenye madaraka anayetaka ngono ili atoe ajira, cheo au haki ya mtu ametenda kosa. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Unaweza kuanza na mwenye duka mwenyewe kama unamwona ana masikio. Wapo watakaokwambia mwanamke wa sala hapeleki watu kwenye vyombo, anamwachia Mungu. Nakataa kabisa. Ukisali saa 11 alfajiri kisha ukapiga 113 saa 4 asubuhi, hujapunguza imani hata kidogo.

Sitakudanganya kwamba mkataba utapata. Yusufu aliyekataa alikwenda jela, na alikaa huko muda. Inawezekana mwezi ujao ukawa huna kazi na yule bwana bado anavaa tai yake. Ndiyo maana nakuomba usisubiri: anza sasa kuulizia kwingine, duka la jumla si moja hapa mjini na mtu anayejua kushika hesabu bila kupungukiwa hatafutwi kwa tochi. Mwambie pia mama, angalau kwamba mwezi ujao hela inaweza kuchelewa. Huna haja ya kumweleza yote. Lakini mzigo huo wa dawa usiubebe kwa siri, kwa sababu siri hiyo ndiyo kamba anayokuvutia nayo msimamizi.

Na hao binamu zako wawili wanaolala futi mbili kutoka unapopiga magoti, wanajua? Barua yako haikusema. Nahisi hawajui, wanadhani umeokoka ghafla. Waambie. Mmoja akiamka na wewe hiyo saa 11, mkasali wote mkibanana hapo kwenye ndoo, utafika Buguruni ukijua kuna mtu mwingine anayeihesabu Ijumaa hiyo. Saa ya kuwaamsha wala usihangaike nayo. Kwa Tabata, adhana ya alfajiri ya wenzetu Waislamu inatuamsha sote bila malipo.

Niandikie ikipita Ijumaa. Wengine mlioleta maswali ya harusi na kamati zake, yenu naanza nayo wiki ijayo, hasa yule bwana harusi aliyechangishiwa na mchumba wake wa zamani.