Sauti ya Utulivu Nayo Isikilizwe



Mwezi Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto walibishana juu ya Kurani, na mmoja wao akaikojolea. Ghasia zikazuka, makanisa yakavunjwa na kuchomwa moto. Viongozi wa Kiislamu walilaani uharibifu huo na kuwasihi waumini wao watulie. Lakini habari ya moto ndiyo iuzayo gazeti. Wengi wetu tulikumbuka picha, tukalisahau neno la masheikh.

Jambo la namna hiyo limetufikia karibu zaidi. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, kabla ya shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017, viongozi wa misikiti walikwisha kuyakana mafundisho ya kikundi kile na kuionya serikali. Hawakusikilizwa vya kutosha. Tarehe 14 Oktoba 2020 balaa ile ilivuka mto hata Kitaya, katika mkoa wetu. Miongoni mwa waliouawa na waliokimbia makazi yao katika pwani ile ni Waislamu wengi.

Basi asemaye kwamba Waislamu wamenyamaza hasemi kweli, na kumshuhudia jirani uongo ni kuvunja Amri ya Nane. Wala haki haidai kila Mwislamu wa Rahaleo ajitetee kwa kosa asilolitenda. Sisi nasi tusingependa kuulizwa kila siku juu ya Mkristo aliyetukana dini ya mwenziwe. Tukumbuke pia kwamba mtu wa busara si yule tu anayekubaliana nasi. Naye aweza kuwa na malalamiko ya haki, hata yakiwa machungu masikioni mwetu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitutaka tuwaheshimu Waislamu, tuyasahau magomvi ya kale na kushirikiana nao kwa ajili ya haki na amani.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo: inapozuka habari ya uchochezi, msiieneze kwa mdomo wala kwa simu. Isomeni hadi mwisho. Nendeni mkawaulize viongozi wa msikiti wa jirani wanasemaje, kisha neno lao lisemwe jumuiyani kama walivyolisema. Tunazikana na kualikana arusini. Tusikilizane pia siku ya fitina.

Amani ya Bwana iwe nanyi.