Hasira ya Uwanjani Isiingie Nyumbani

Huko Australia mashabiki wa Wests Tigers, timu ya Sydney ya raga ya wachezaji 13, wameonja uchungu. Timu yao ilitwaa ubingwa mwaka 2005, lakini mwaka 2022, 2023 na 2024 ilishika mkia wa ligi mfululizo. Sisi wauguzi hatuwalaumu kwa kuudhika: aliyelipa kiingilio ana haki ya kudai kazi nzuri. Ila hasira hupandisha shinikizo la damu, na pombe huchochea ugomvi. Anayedaiwa ni uongozi wa timu, si mke wala watoto. Shabiki wa timu yoyote, ukifungwa, tembea kwanza mpaka moyo utulie, ndipo ubishe hodi.