Mars sio chumba cha akiba

Wadau, jana tumekesha tena na ubishi. Mshikaji wangu wa chumbani anasema hii dunia ikiharibika tutahamia Mars, korido nzima ikapiga makofi. Mimi nilikataa, na leo nakataa kwa maandishi.

Tuanze na pumzi. Chombo cha Wamarekani, Perseverance, kilitua Mars mwaka 2021 na kamashine kanakoitwa MOXIE, ka kutengeneza oksijeni kutokana na hewa ya kule. Mpaka 2023 kalikuwa kametoa gramu 122. Mtu mmoja anahitaji kama 800 kwa siku! Najua, yalikuwa majaribio na yalifanikiwa. Mtasema iundwe kubwa. Sawa, umeme wa kuiendesha? Jua la Mars halifikii hata nusu ya hili letu, na vumbi likitanda ndio basi: Opportunity ilinyamaza hivyo mwaka 2018. Mkileta nyuklia, mtambo na vipuri vyote vinatoka hukuhuku.

Halafu kumbukeni Biosphere 2 kule Arizona. Mwaka 1991 watu 8 walijifungia humo wajitegemee kwa kila kitu. Oksijeni ikashuka toka asilimia 21 hadi 14 hivi, wakaongezewa kutoka nje. Mars nani atakuongezea, na safari ni miezi 6 au zaidi?

Watafiti waende, sina ugomvi nao. Ila kuhamia ni hadithi ya kututuliza tuendelee kuharibu. Huyo mshikaji mwenyewe, asubuhi kaacha bomba la bafuni linamwaga. Mimi ndio nimelifunga.

Haya, njooni mnibishie.