Pesa ya Miraa Isiliwe na Aliyesikia Kwanza

Laare, mji wa miraa kule Igembe, Meru, haingoji mwisho wa mwezi. Miraa ikishachumwa alfajiri, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kupakiwa kwenye pikapu za kwenda Nairobi, mchumaji, mfungaji na mwenye bodaboda wana kitu mfukoni. Kampuni za kamari zinalijua hilo vizuri. Kesho kutakuwa na pesa nyingine, kwa hivyo ya leo inatoka kwa urahisi.

Sasa vijana wanaulizana jambo jipya. Kwa mechi ya tenisi, ni afadhali kubeti na kampuni za hapa kupitia M-Pesa, au kwenda kwenye masoko ya ubashiri ya ng'ambo kama Polymarket na Kalshi? Swali hilo linastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa mahubiri.

Tuanze na kampuni za hapa. Tuseme wachezaji wawili wana nguvu sawa, na kampuni inalipa mara 1.85 kwa yeyote utakayemchagua. Tangu Julai 2025 kuna ushuru wa asilimia 5 kwa pesa unayoingiza kwenye akaunti ya kamari, na kodi ya asilimia 5 unapoitoa. Ukituma shilingi 1,000, zinazocheza ni 950. Ukishinda unapata 1,757, na ukizitoa unabaki na takriban 1,670. Ukishindwa huna kitu. Kwa kuwa nafasi ni nusu kwa nusu, wastani wako ni shilingi 835. Katika kila elfu, shilingi 165 zimekwenda kabla mpira wa kwanza haujapigwa.

Masoko ya ubashiri yanaendeshwa kwa namna nyingine. Hapo kampuni haikupangii malipo. Watu huuziana tukio lenyewe. Tiketi ya mchezaji fulani ikiuzwa senti 62 za dola, maana yake soko linampa nafasi ya asilimia 62. Akishinda unalipwa dola 1, akishindwa umepoteza senti zako. Katikati ya mechi unaweza kumuuzia mwingine tiketi hiyo. Betfair ya Uingereza imekuwa ikiwawezesha watu kubetiana wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 2000. Kalshi, iliyoanzishwa 2018, inafanya kazi chini ya CFTC, tume ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba ya bei za baadaye, na hutoza ada ya biashara. Polymarket ilianza 2020, inatumia sarafu ya kidijitali ya USDC, na kwa muda mrefu haikutoza ada ya biashara. Januari 2022 CFTC iliitoza faini ya dola milioni 1.4 kwa kuendesha soko bila kusajiliwa.

Kwenye karatasi, masoko haya ni nafuu kuliko kampuni za hapa, hata ukijumlisha gharama ya kugeuza shilingi kuwa dola za kidijitali na kuzirudisha. Lakini unafuu huo una mwenyewe. Kwa kampuni unashindana na kampuni. Sokoni unashindana na mtu aliyekubali kukuuzia tiketi kwa bei hiyo, na inafaa ujiulize kwa nini amekubali.

Mkulima wa Igembe anamjua mtu huyo tangu zamani. Ni broka aliyepigiwa simu kutoka Nairobi kwamba ndege ya Mogadishu haiondoki, akaja shambani na bei ya chini kabla habari haijafika kijijini. Somalia ilipofunga mlango kwa miraa yetu kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, aliyesikia kwanza aliuza kwanza, na aliyesikia mwisho alibaki na mzigo unaokauka.

Katika tenisi mambo ni hayo hayo, tena kwa sekunde. Mchezo huu huhesabiwa pointi kwa pointi, na bei hupanda na kushuka kwa kila pointi. Refa anabonyeza kifaa chake, matokeo yanakimbia kwa kampuni za data, kisha picha inafuata kwenye televisheni, na mwisho kabisa inafika kwenye simu ya mtu aliyekaa Laare akitazama kwa bando. Kuna watu ambao kazi yao ni kukaa uwanjani na kutuma matokeo kabla hata ya refa. Kwenye mashindano ya wazi ya Australia ya 2014, polisi wa Melbourne walimkamata Mwingereza mmoja kwa shughuli hiyo, ingawa mashtaka yaliondolewa baadaye. Wewe unapoona mpira ukigonga wavu, bei imeshabadilika.

Na kuna habari zisizoonekana uwanjani kabisa. Agosti 2007 huko Sopot, Poland, Nikolay Davydenko, aliyekuwa nambari 4 duniani, alicheza na Martín Vassallo Argüello, aliyekuwa nambari 87. Davydenko alichukua seti ya kwanza 6-2. Kwa kawaida bei ya mpinzani wake ingeporomoka. Badala yake pesa nyingi ziliendelea kumiminika kwa Argüello kwenye Betfair, hadi takriban dola milioni 7 kwa mechi ambayo watu wachache sana wangeijali. Katika seti ya tatu Davydenko alijiondoa kwa jeraha la mguu. Betfair ilifuta dau zote. Uchunguzi wa mwaka mmoja haukupata ushahidi dhidi ya mchezaji yeyote kati ya hao wawili. Hata hivyo, mtu anayetazama soko lile kutoka mbali angeona bei tu, asijue kinachoisukuma.

Hatari ni kubwa zaidi kwenye mashindano madogo. Tunajivunia Angella Okutoyi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam, aliposhinda Wimbledon ya wasichana kwa wachezaji wawili wawili mwaka 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Lakini wachezaji wengi wanaopanda ngazi hucheza mashindano yenye zawadi ndogo kuliko gharama ya safari, na huko ndiko wapanga matokeo hutafuta mtu wa kumnunua. Jopo huru la uadilifu wa tenisi lililoongozwa na wakili Adam Lewis lilitaka, Desemba 2018, uuzaji wa matokeo ya papo kwa papo ya mashindano ya ngazi ya chini kabisa ukomeshwe, kwa sababu ndiyo yanayolisha kamari ya mashindano hayo.

Anayesisitiza kulinganisha basi aulize mambo matatu kabla ya bei. Kwanza, mchezaji akijiondoa, nani analipwa? Wengine hulipa mara tu pointi ya kwanza ikichezwa, wengine hungoja seti moja ikamilike, na wengine hurudisha dau. Pili, nani anatangaza mshindi, na ukipinga unampelekea nani malalamiko? Tatu, pesa yako imekaa wapi? Ukituma USDC kwa anwani isiyo sahihi, hakuna huduma kwa wateja ya kuirudisha.

Kampuni yenye leseni ya hapa ina ofisi, na juu yake kuna mamlaka mpya ya kusimamia kamari chini ya sheria iliyotiwa saini Agosti 2025. Hata hivyo, leseni nayo si ngao kamili. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, SportPesa ikiwemo, na Safaricom ikaagizwa kufunga nambari zao za malipo.

Msimamo wetu ni huu. Kampuni za hapa ni ghali, ila zina mlango wa kubisha. Masoko ya ng'ambo ni nafuu, ila mlango wao uko mbali na waliomo ndani wanajua mengi kuliko wewe. Kwa kijana anayebeti tenisi kutoka Laare, yote mawili yanaishia kwenye hasara, moja polepole na jingine kwa haraka.

Mamlaka iseme wazi iwapo masoko ya ubashiri ni kamari au ni biashara ya mitaji, na nani atayasimamia, kabla vijana hawajapoteza pesa wakisubiri jibu. Viongozi wa vyama vya miraa nao watafutie pesa ya kila siku mahali pa kukaa, iwe Sacco au chama, ili jioni isikute tayari imetumwa. Nawe kijana, tazama tenisi, mshangilie Okutoyi, na pesa ya miraa iache nyumbani.