Saruji, Maji na Pupa ya Wajenzi wa Eastlands

Dari ya sebule yangu huku Umoja imepakwa rangi mara tatu tangu nihamie. Kila masika doa la kutu huchomoza tena mahali pale pale, na mwaka huu kipande cha zege kilibanduka kikaangukia meza niliyokuwa nikisahihishia insha za wanafunzi. Nilipoinua macho niliona chuma kimevimba na kumenyeka mfano wa ganda la mti mkavu. Mwenye nyumba alipoarifiwa, alimtuma mpaka rangi.

Mimi si mhandisi. Riziki yangu ni maneno. Walakini ni neno lililonisukuma kuuliza. "Saruji" asili yake ni Kiajemi, nasi tuliipata kupitia kwa Waarabu. Huko Oman jina hilo ni la udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa, ambao wazee waliukandika kwenye mifereji yao ya falaji na birika zao ili maji yasipotee. Kumbe basi jina lenyewe ni la kitu kinachozuia maji! Sisi tumelishika jina, maana ikatuponyoka.

Mnamo 1918 Duff Abrams, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Chicago, alionyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea hasa uwiano wa maji na saruji. Saruji hunywa maji kiasi ili igeuke jiwe. Yanayozidi hubaki humo, kisha hukauka na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Mfuko wa kilo 50 ukipewa lita 25, zikiwemo zile zilizomo katika unyevu wa mchanga, vitundu hivyo huzibana baada ya takriban majuma mawili ya kutunzwa kwa unyevu. Zikivuka lita 35, havizibani kamwe, hata zege likamwagiliwa mwaka mzima. Humo ndimo mvua hupenya, na hewa ya ukaa pia, ikaumaliza ualkali unaokikinga chuma. Chuma hushika kutu, kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutoka ndani. Rangi haina la kufanya hapo.

Sasa tazama ujenzi wowote wa ghorofa kutoka Kayole hadi Pipeline. Kibarua anayepanda ngazi na karai begani hupenda zege laini, nani atamlaumu? Basi fundi huongeza maji hadi lile lililopaswa kuwa ugali likawa uji. Siku ya pili, zege lilipo na kiu ya maji ya kulikomaza, fundi yuyo huyo hana hata tone. Mitaani kwetu mifereji hukauka siku nzima, na mtungi wa lita 20 huuzwa na mwenye mkokoteni. Maji huwa mengi pale yanapodhuru, yakakosekana pale yanapoponya.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa saruji iliyotiwa majivu ya volkeno, ambayo hutumiwa sana nchini mwetu. Ikitunzwa, huziba vitundu vizuri kuliko saruji tupu. Lakini hukomaa polepole, kwa hiyo kuinyima unyevu siku za mwanzo ni kuitupa faida hiyo. Na dawa si ghali: magunia yaliyoloweshwa, au karatasi za nailoni za kuzuia maji yaliyomo yasitoroke, kwa juma moja angaa. Kilicho ghali ni juma lenyewe, maana ni juma lisilo na kodi ya nyumba.

Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, kando ya mto, na kuwaua watu wapatao 50. Lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa hatari, na bado vyumba vyake vilikodishwa. Desemba 2019 likafuata jingine la Tassia. Sidai kwamba maji ya kuchanganyia pekee ndiyo yaliyoyaangusha. Msingi mbovu na ujenzi usio na kibali vina sehemu yao. Hoja yangu ni kwamba mkaguzi anayekuja kutazama ramani na vibali huja akiwa amechelewa. Kosa hili hufanyika asubuhi moja, kwenye rundo la kokoto, na likishafunikwa kwa lipu halionekani tena mpaka doa lichomoze. Baadhi ya wanafunzi wangu hulala katika vyumba hivyo.

Mkabala na dirisha langu panajengwa ghorofa nyingine. Juzi nilimuuliza fundi kwa nini hamwagilii. Akacheka kwa upole: "Mwalimu, tajiri anataka wapangaji mwezi ujao." Dari ya orofa ya tatu ilimwagwa Jumatano. Jumamosi, nguzo za orofa ya nne zilikuwa zimekwisha kusimama juu yake.